Nilimbishia mzee wa watu juu ya mvua mpaka akaacha kujiamini

Wakuu, poleni na shughuli za mchana.

Mimi si mgeni humu, ila kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu. Leo nimeamua kuandika jambo nililolibeba tangu mwezi wa nne mwaka jana. Sikuongeza chumvi. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea, na mengi hayanipendezi hata mimi mwenyewe.

Nimechoka, kwa hivyo mkiona naruka huku na huku mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, upande wa Nkubu. Nyumbani nina shamba dogo: migomba, kahawa kiasi, ng'ombe mmoja. Na nyuma ya nyumba nina kipima mvua. Kile chenyewe cha chuma, si chupa iliyokatwa mdomo.

Miaka minne hivi iliyopita niliingizwa kwenye grupu ya mvua.

Najua kuna mtu anacheka. Cheka tu. Lakini sisi tunaozunguka Mlima Kenya tunaishi na hiyo kitu. Grupu ina wakulima kutoka Timau kwenye ngano mpaka Embu, na kule chini Mbeere kwa watu wa ndengu na mtama. Saa tatu asubuhi unaangalia chombo chako, unaandika mahali ulipo na milimita ulizopata. Basi. "Nkubu 6.0." "Timau 2.5." Mtu wa Mbeere akiona sisi wa juu tumepata siku tatu mfululizo, anaanza kutoa mbegu kwa gunia. Mwenye nyasi za kukausha Timau anajua asikate leo.

Admini ni Bwana Salim, anauza magunia na mbegu pale soko la Gakoromone, Meru mjini. Mtu mpole sana. Alianzisha grupu kwa sababu wateja walikuwa wanampigia simu kila siku kumuuliza mvua, kana kwamba anaiuza yeye.

Sasa, mimi.

Mimi nilikuwa yule mtu. Kila grupu inaye. Yule ambaye ukifungua simu unakuta jumbe thelathini na ishirini na mbili ni zake. Mtu akiandika "huku imenyesha kubwa," mimi namuuliza, "kubwa ni milimita ngapi?" Mtu akituma picha ya mawingu, mimi naandika aya tano kuhusu upepo wa kusini mashariki, bila kuombwa. Nilikuwa nafundisha kidato cha pili simu ikiwa ndani ya rejista. Mke wangu alifika mahali akawa ananiambia, "Baba Mutethia, chakula kiko mezani, ukimaliza kuwajibu hao watu wako."

Watu walinipenda, au niliona hivyo. Waliniita Mwalimu. Wakati wa kupanda nilikuwa naulizwa mimi kwanza. Na nilikuwa na sifa moja ambayo niliijali kuliko ninavyoweza kueleza: tangu niingie sikuwahi kukosa siku hata moja. Krismasi niliandika. Siku tuliyomzika mjomba niliandika.

Hiyo sifa ndiyo iliniponza.

Kulikuwa na mtu mwingine ambaye hakuwahi kukosa siku. Nitamwita Mzee Rukaria. Anaishi ng'ambo ya mto kutoka kwangu, kwa miguu ni kama mwendo wa saa moja ukishuka na kupanda. Sikuwa nimewahi kumwona. Alifanya kazi kiwanda cha kahawa mpaka akastaafu, na huko kazi yake mojawapo ilikuwa kuandika mvua kwenye kitabu. Alipostaafu hakuacha.

Mzee Rukaria alikuwa na tabia ya kuandika sifuri. Sisi wengine kukiwa kukavu tulinyamaza, au mtu kama mimi angeandika insha ya kueleza kwa nini kukavu. Yeye aliandika tu: "Zero." Mwezi wa pili wote, jua kali, kila siku saa tatu, "Zero." Mtu mmoja alimuuliza kwa nini anatusumbua. Akajibu kwamba asipoandika hatutajua kama haikunyesha ama yeye hakuangalia.

Hakusema zaidi ya hapo. Alikuwa mtu wa neno moja kwa siku, mimi wa maneno elfu. Nadhani alianza kuniudhi kabla hata hatujakosana.

Mwaka jana mvua ndefu zilichelewa. Mwezi wa nne uliingia na udongo bado ni vumbi, grupu nzima imeshikwa na wasiwasi. Wiki hiyo hiyo nikaitwa semina ya walimu Embu, siku mbili. Nikalala huko.

Usiku Embu ilinyesha vizuri. Asubuhi kwenye chai naona simu inalia: "Mwalimu, Nkubu vipi?" "Mwalimu, tunakungoja." "Mwalimu leo yuko kimya, kuna nini?"

Ningeandika, "Niko Embu, sijui." Maneno matatu.

Sikuandika hivyo. Niliwaza, kama imenyesha hapa, kwetu nako lazima imenyesha, wingu ni moja. Nikaandika, "Nkubu 14.2."

Hiyo point mbili, wakuu. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo. Mtu anayekisia husema kumi na tano. Mimi niliweka point mbili ili ionekane nimeinama nikaangalia.

Grupu ikalipuka kwa furaha. Mikono ya kushukuru, watu wanamsifu Mungu. Halafu saa tatu kamili Mzee Rukaria akaandika, "Zero. Mwalimu, hebu angalia chombo yako tena."

Nilisikia joto masikioni, pale pale kwenye semina, msimamizi anaeleza mambo ya mtaala. Nikamjibu kwamba chombo changu ni cha kisasa, na kwamba mvua za huku kwetu zinaweza kupiga kilima kimoja na kuruka kingine. Hilo ni kweli. Nimelifundisha darasani miaka mingi. Nilichukua ukweli nikafunika nao uongo.

Kesho yake jioni nilirudi nyumbani. Kabla ya kuvua viatu nilienda nyuma ya nyumba. Chombo kilikuwa kikavu, ndani kuna vumbi na mguu wa panzi. Nikamuuliza mke wangu kama ilinyesha. Akaniangalia, akasema, "Kunyesha wapi? Si unaona mchicha vile umekauka."

Kwa hivyo nilijua. Nataka hilo lieleweke kabla mtu hajaniandikia kwamba nilikosea kwa bahati mbaya. Siku ya kwanza ilikuwa upumbavu. Kuanzia siku ya pili nilijua.

Mvua yenyewe ilikuja siku tano baadaye, na waliokuwa wametupa mbegu chini kwa kuniamini wakaponea hapo. La sivyo ningekuwa na hayo pia shingoni.

Lakini Mzee Rukaria hakuachilia. Hakunitukana. Aliuliza tu, tena kwa heshima, "Mwalimu, siku hiyo uliangalia wewe mwenyewe ama ni mtoto?" Mimi nikaona ananikalia kooni. Nikaandika kwamba kuna watu hawana elimu ya hali ya hewa na wanataka kufundisha wenye nayo. Yeye akatuma picha ya ukurasa wa kitabu chake, tarehe na sifuri yake. Mimi nikasema kitabu si ushahidi, mtu anaweza kuandika chochote kwenye kitabu.

Fikirieni. Mimi ndiye niliyesema hivyo.

Kilichofuata sikukitarajia. Watu wakaanza kuikumbuka ile mvua. Jamaa wa karibu na soko akasema kweli alisikia matone kwa mabati. Mwingine akasema barabara ilikuwa na utelezi. Mama mmoja, nitamwita Mama Gatwiri, akaandika kwamba nguo zake zilikuwa zimeanikwa na zililowa, akazikamua kwa mikono yake.

Mvua ambayo haikunyesha. Akazikamua.

Hawakuwa waongo, nawajua. Mwalimu alikuwa amesema imenyesha, na kila mtu akatafuta kichwani mvua yoyote ya karibu akaiweka siku hiyo. Mimi nilisoma nikanyamaza, nikawawekea dole gumba mmoja mmoja.

Basi ikawa vita. Kila Mzee akiandika namba yake, mimi naihoji. Akisema 3.0, nauliza kama amefuta miwani. Nikaanza kumwita Mzee Zero, na jina likashika, mpaka watu wa Timau ambao hawajui mwanzo wa ugomvi wakawa wanamwita hivyo. Bwana Salim aliingilia mara kadhaa. Naikumbuka voice note yake moja, nyuma kuna kelele za soko: "Jamani, nawaomba kwa heshima. Hii grupu ni ya mvua. Mtu wa Mbeere anataka kujua mvua, anakuta matusi mia moja. Mwalimu, wewe ni mtu ya kusoma. Wacha huyo mzee."

Nikamjibu kwa kirefu. Kwa pointi. Mpaka leo sijui kama alisoma.

Mwezi wa sita Mzee akakosea. Aliandika namba ya Jumanne siku ya Jumatano, akaona, akaifuta, akaandika tena. Kitu ambacho kila mtu wa ile grupu amewahi kufanya.

Mimi nilikuwa nimeshachukua screenshot.

Nikaiweka kwenye grupu, na chini yake nikaandika hivi, nakumbuka kila neno: "Mzee wetu, pengine si chombo kilichoharibika. Pengine ni kichwa kimeanza kusahau. Si aibu. Umri ukifika, mtu hupumzika."

Watu wakacheka. Zile sura za kucheka na machozi, nyingi, mstari juu ya mstari.

Baada ya kama saa nzima Mzee akaandika, "Asanteni. Nitapumzika." Akatoka kwenye grupu.

Nitakuwa mkweli kama nilivyoahidi. Siku hiyo nilifurahi. Nilikula vizuri, nikamchekesha mke wangu, nikapiga mluzi nikikata majani ya ng'ombe.

Halafu ikapita. Grupu bila yeye ilianza kunichosha, hata sikuelewa kwa nini. Hakukuwa na mtu wa kubishana naye anayefaa. Nikaandika, nikaandika, watu wakaweka vidole gumba. Siku ambazo hakukunyesha hakuna aliyesema chochote, na kweli hatukujua kama kulikuwa kukavu ama watu hawakuangalia.

Mwezi wa kumi nikapata ujumbe kwa namba nisiyoijua. Alijitambulisha kama binti ya Mzee Rukaria, ni muuguzi. Nitamwita Kathure. Naweka ujumbe wake hapa, nimeondoa tu mambo ya kifamilia:

"Mwalimu shikamoo. Samahani kwa kukusumbua. Baba aliwacha kupima mvua tangu atoke kwa grupu. Alitoa hiyo kitu akaifungia kwa stoo. Ndugu yake mkubwa alipoteza akili akiwa na umri kama wake, alikuwa anapotea hata kwa shamba yake, na Baba ndiye alikuwa anamtafuta. Sasa anasema na yeye imemuanza. Anasema ni aje watu wote walikumbuka mvua na yeye haikumbuki. Tumempeleka hospitali wakamwangalia, wakasema ako sawa. Haamini. Nakuuliza tu, si kwa ubaya, hiyo siku ulikuwa na uhakika? Ukisema ndiyo nitakubali, tutajua vile tutamsaidia."

Wakuu, nilisoma huo ujumbe nikiwa zamu ya mchana, wanafunzi wanapanga foleni ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya shule. Nikaufunga. Nikaufungua. Nikaufunga tena.

Sikumjibu siku tisa. Mimi, ambaye sikuwahi kuacha mtu yeyote kwenye grupu bila jibu.

Siku hizo tisa nilitunga majibu mengi. Yote yalikuwa na neno "lakini" katikati. Mwishowe nikamwambia mke wangu. Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua maharagwe, kisha akasema, "Hiyo si ya kuandika. Hiyo ni ya kwenda." Basi.

Jumamosi, ilikuwa imeshaingia mwezi wa kumi na moja, nikabeba sukari kilo mbili na majani chai, nikashuka mtoni nikapanda ng'ambo. Sasa naomba mnielewe nilikuwa naenda na nini moyoni. Sikuwa naenda kusema ukweli. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba mvua ni kitu cha ajabu, kila mmoja alisoma chombo chake, tulikasirikiana bure, tusameheane sote wawili. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi njiani. Nilifikiri mzee akiona nimekuja mwenyewe atatulia, na mimi nitatulia, na ile 14.2 itabaki pale ilipo.

Nilikuta boma safi, limefagiliwa. Katikati ya uwanja kuna nguzo fupi ya mti, juu ina tundu la duara. Hakukuwa na chombo.

Mzee alikuwa amekaa kwa kiti nje ya nyumba. Nilitarajia mtu mkubwa, sijui kwa nini. Ni mzee mdogo, mwembamba, shati imefungwa vifungo mpaka juu. Nikamsalimu, nikasema mimi ndiye Mwalimu wa grupu ya mvua.

Akaniangalia kidogo. Akasema, "Karibu, Mwalimu. Umetoka mbali. Mama Kathure, tuko na mgeni, leta chai."

Mkewe akatoka, mama mrefu, amefunga leso kiunoni. Akanipa mkono. Aliposikia mimi ni nani mkono ukalegea ndani ya wangu, lakini akaenda kuleta chai.

Sasa hapa kuna desturi yetu ambayo watu wa mbali huenda hamuijui. Kwetu Meru mgeni hakai hivi hivi. Utaulizwa wewe ni wa nani, na ukoo gani. Hata kama umekuja kugombana. Mzee akaniuliza, nikataja jina la baba yangu, jina la babu, nikataja ukoo.

Mzee akaweka kikombe chini. Akasimama kabisa. Akasema, "Uko na uhakika? Ukoo hiyo?"

Nikasema ndiyo. Akataja wake.

Na mimi pia nikasimama.

Kuna kitu kinaitwa gichiaro. Ni koo mbili ambazo wazee wa zamani walikula kiapo zikawa ndugu, zaidi ya ndugu wa damu. Mtu wa gichiaro humtukani. Humnyimi alichoomba. Humdanganyi. Akija kuomba msamaha huwezi kumkatalia, hata awe amekuchomea nyumba. Vijana wa siku hizi wanaona ni hadithi, lakini muulize mtu yeyote wa umri wangu kama anaweza kuivunja akalala vizuri. Baba yangu alikuwa akimwona mtu wa huo ukoo sokoni anampisha njia.

Na mimi nilikuwa nimemwita Mzee Zero mbele ya watu mia kadhaa. Kwenye simu hakuna anayekuuliza ukoo.

Mzee ndiye aliyeanza. Akasema, "Basi tumekosana kama vipofu. Hii maneno tuiwache hapa, Mwalimu. Isiende mbali, ni mbaya kwa watoto yetu."

Nikaona mlango umefunguka. Nikaanza yale niliyofanyia mazoezi. "Kweli Mzee. Unajua mvua, kila mmoja alisoma chombo chake..."

Akainua mkono. "Ngoja. Kwa vile sasa najua wewe ni nani, nikuulize kitu moja tu. Sikuuliza kwa grupu vizuri. Ile siku. Ilinyesha ama haikunyesha?"

Alikuwa ameshika ukingo wa meza ile ndogo ya chai. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na niliiona, na nilijua mara moja ni hofu ya nini. Nikisema ilinyesha, huyu mtu nitamwacha hapa akijua anaenda njia ya ndugu yake.

Nikasema, "Haikunyesha, Mzee. Sikuwa nyumbani. Nilikuwa Embu. Niliandika tu."

Aligeuka upande wa jikoni akaita, "Mama Kathure! Mama Kathure, kuja. Kuja usikie na masikio yako."

Mama akatoka, mikono ina unga. Mzee akaniambia, "Rudia."

Nikarudia. Siku ile haikunyesha. Mzee alikuwa sawa. Mimi nilidanganya.

Mzee akaketi, akafunika uso kwa viganja vyake viwili. Nilidhani analia, lakini alipoutoa uso alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanatingika. Akawa anasema, "Zero. Ilikuwa zero. Si niliwaambia ni zero." Alisema hivyo mara nyingi sana.

Halafu akanyoosha mkono kwangu. "Nimekuachilia, Mwalimu. Imeisha. Kunywa chai."

Haikuchukua hata dakika mbili. Nilishika mkono wake, na badala ya kusikia mzigo umetoka nilisikia vibaya zaidi. Kwa sababu huyu mtu hakuwa na ruhusa ya kusema lingine. Sitajua kamwe kama alinisamehe yeye, au kiapo cha watu waliokufa zamani ndicho kilichonisamehe.

Mama Kathure alikuwa bado amesimama pale na unga wake. Akaniuliza, "Ulijua lini?"

Nikasema, "Siku iliyofuata, Mama."

"Siku iliyofuata." Akatikisa kichwa pole pole. "Miezi saba."

Mzee akasema, "Mama Kathure, wacha. Ni mtu wa gichiaro."

Akamjibu mumewe bila kumwangalia, akiniangalia mimi. "Ni wa gichiaro yako. Mimi nimezaliwa Runyenjes, mimi ni Mwembu. Mimi na huyu hatujakula kiapo yoyote." Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Unajua huyu mzee anafanya nini kila asubuhi? Kabla ya chai ananikalisha hapo, ananitajia majina ya watoto wetu saba. Kutoka mkubwa mpaka mdogo. Na siku ya kuzaliwa ya kila mmoja. Kama mtoto anafanya mtihani. Akikwama kwa moja, hali chakula siku hiyo. Tangu atoke kwa hiyo grupu nimekaa hapo nikisahihisha. Yeye amekuachilia. Mimi sijakuachilia."

Akarudi jikoni.

Nilimaliza chai kwa sababu kuiacha ingekuwa tusi lingine. Mzee alinisindikiza mpaka njiani. Tuliongea habari za kahawa.

Siku hiyo hiyo nikamwandikia Kathure jibu lake. Na nikaandika kwenye grupu, kila kitu, semina na 14.2 na screenshot. Nilitegemea nichomwe moto. Mnajua kilichotokea? Wengine waliandika, "Mwalimu, umeonyesha ukomavu." Wengine wakauliza kama simu yangu imeibwa. Mama Gatwiri akaandika kwamba haijalishi mimi nasema nini, nguo zake zililowa. Jamaa wa mabati akamuunga mkono. Wakaanza kubishana na jamaa wa Timau, jumbe zaidi ya mia, mpaka Bwana Salim akafunga grupu kwa siku mbili.

Mimi nikatoka. Nimetoka kwenye zote, za walimu, za ukoo, za wafugaji. Humu tu ndipo nilibaki, kusoma.

Kathure aliniandikia mwezi uliopita. Mzee amerudisha chombo juu ya nguzo. Anapima tena. Ila haangalii peke yake. Saa tatu ikifika anamwita Mama Kathure, wanainama wote wawili, anasoma, kisha anamuuliza, "Na wewe unaona zero?" Mpaka aseme ndiyo, ndipo anaandika.

Nilichojifunza ni kidogo. Yule mtu unayemshinda kwa maneno ana nyumba, na hayo maneno yako yanaingia naye ndani, yanaketi mezani na watu wake. Wewe umeshaenda kubishana na mwingine. Kuna siku ningeandika aya tano hapa. Hiyo inatosha.

Sasa ninahitaji ushauri, na hapa ndipo nimekwama. Kwa Mzee sina la kuongeza. Ni kwa mama. Mke wangu anasema nirudi, niende tena na tena mpaka achoke na mimi. Mimi nahisi kila nikienda namwekea mzigo wa kunipikia chai. Waliowahi kukosana na mama wa umri huo, tena asiye na deni lolote la kukusamehe, mlifanyaje?

Wenye ya kunisema, niambieni pia. Nitasoma yote, mpaka la mwisho.

Sitajibu.